Tuendapo Berlin, Twende na Daftari

Ndugu yetu mmoja, mtumishi wa umma, amerejea karibuni kutoka Berlin alikohudhuria semina ya wiki mbili, akatuonyesha picha zake. Katika kila picha yumo yeye mwenyewe: yeye katika Kisiwa cha Makumbusho, yeye mbele ya kasri la Humboldt Forum, yeye kando ya kabati la kioo lililojaa ngao na vinyago. Tukamwuliza ngao zile zilitoka wapi. Akajibu, "Afrika." Tulipomwuliza Afrika ipi, akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichotushikisha kalamu.

Kasri hilo lina kisa chake. La kwanza, la wafalme wa Prussia, lilibomolewa na Ujerumani Mashariki mwaka 1950, na mahali pake pakajengwa Jumba la Jamhuri lililofunguliwa mwaka 1976. Nchi ilipokwisha kuungana, jumba hilo nalo likavunjwa, na sura ya nje ya kasri la wafalme ikasimamishwa upya kwa gharama ya zaidi ya euro milioni 600. Humo ndimo Jumba la Makumbusho ya Etnolojia linamoonyesha sehemu ya makusanyo yake ya Afrika. Vitu vya kutoka Tanzania peke yake hukadiriwa kuwa 10,000 hivi, na vilivyo vingi vimo ghalani. Mwaka 1889 serikali ya Kaisari iliagiza kwamba vitu vilivyokusanywa makoloni katika safari zilizolipiwa na dola vipelekwe Berlin. Vingine vilinunuliwa, hatukatai, na vingine vilitolewa zawadi. Lakini vingine ni ngawira za vita, vikiwamo Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo wakoloni walivimaliza kwa kuchoma vijiji na ghala za chakula mpaka watu wakafa kwa njaa.

Wapo watetezi wa makabati hayo wasemao kwamba vilivyomo ni mali ya binadamu wote, na kila mtu anakaribishwa kuvitazama. Maneno matamu! Mwalimu wa Namtumbo akitaka kuitazama ngao ya babu yake hana budi kwanza kulipa euro 90 za viza, ambazo hazirudishwi hata akinyimwa, kisha atafute nauli ya ndege. Binadamu wote hao, kwa hakika, ni wale wakaao karibu na Berlin.

Husemwa tena kwamba sisi hatuwezi kutunza. Basi na tukumbushane. Mwezi Mei 1945 moto uliteketeza michoro zaidi ya 400 ya majumba ya Berlin iliyokuwa imehifadhiwa katika ngome ya Friedrichshain, zikiwamo kazi za Caravaggio na Rubens. Hatusemi hivyo kwa kufurahia msiba wa mwenzetu, ila hatujapata kusikia mtu akidai kwamba kwa sababu ya moto ule Wajerumani wanyang'anywe michoro yao iliyosalia.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka huo huo wa 1945 Jeshi Jekundu lilipakia mali nyingi za majumba hayo na kuzipeleka katika Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1958 Warusi wakarudisha sehemu kubwa kwa Ujerumani Mashariki, ikiwa ni pamoja na mawe yaliyochongwa ya Madhabahu ya Pergamon. Nyingine zilibaki, na Ujerumani inazidai hadi leo. Miongoni mwa inazozidai imo hazina ya dhahabu iliyoko Moscow, ambayo Heinrich Schliemann aliichimba Troya na kuitorosha kutoka himaya ya Waturuki! Anayedai hazina ya namna hiyo anajua vyema kwamba kitu kilichochukuliwa vitani hakibadiliki kuwa halali kwa kukaa sana kabatini. Kwa nini basi wazee wa Songea waambiwe kwamba suala lao ni gumu na linahitaji utafiti zaidi?

Kudai kunawezekana. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa katika muda wa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Mwaka 2022 Ujerumani ilitia sahihi mapatano ya kuirudishia Nigeria umiliki wa sanamu za Benin. Mwezi Novemba 2023 Rais Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea, na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Mwaka huo wa 2023 ilitangazwa pia kwamba katika mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyochunguzwa Berlin, mengi mno ni ya Rwanda na yapatayo 200 ni ya Tanzania. Hayo si mapambo. Ni watu wanaongoja kuzikwa.

Lakini anayedai sharti ajue anachodai, na hapo sisi wenyewe tuna lawama. Ni walimu wangapi wa Ruvuma waliokwisha kuwapeleka wanafunzi wao katika Makumbusho ya Maji Maji? Ni wangapi wa Iringa waliofika Kalenga, liliko fuvu la Mkwawa? Tunashangaa mbele ya kioo cha Berlin kwa kuwa hatukuzoea kutazama cha kwetu.

Namba za orodha ya jumba lile kwa vitu vya Afrika Mashariki huanza na III E. Mtumishi akiziandika namba hizo, pamoja na jina la mahali na la aliyekichukua kitu pale vinapotajwa, atakuwa amewaletea walimu wa historia somo zima na wazee wa mahali hapo habari wanayoihitaji. Ndugu yetu hakuandika hata moja. Ametuambia atakwenda tena mwakani, na daftari tumekwisha kumpa.