Fundi Hakuharibu Smoka Yangu

Wasee, leo sina klipu ya kuchekesha. Niko na deni, na nitalilipa hapa hapa nilipolikopa.

Wale mmekuwa hapa kitambo mnakumbuka ile video nimeshika kipande cha nyama nyeusi kama lami, nikisema fundi wa Kamukunji amekula doo yangu. Ilienda mbali sana. Mlicheka, mkatagi marafiki, wengine mkaandika ati vitu vya jua kali ndivyo vilivyo. Mimi nikawa naweka emoji za kucheka. Sasa nasema wazi: fundi hakuwa na makosa. Najua hivyo kwa sababu tumeirekebisha hiyo smoka pamoja, mimi na yeye.

Kwa wageni, smoka ya aina hii ni pipa limelazwa, na kando yake kuna sanduku dogo la moto. Moto haukai chini ya nyama kama kwa choma yetu ya kawaida. Unakaa pembeni, joto na moshi vinapita ndani ya pipa, halafu vinatokea kwa bomba upande wa pili. Huko Texas ndivyo wanapika kidari cha ng'ombe, saa kumi au zaidi, kwa joto la kama digrii 110 hadi 135. Kidari ni nyama ngumu. Inataka muda ndio kolajeni, ile kitu inafanya utafune kama raba, iyeyuke polepole na nyama ilainike.

Mimi niliona picha kwa simu nikampelekea fundi. "Mzee, nitengenezee kama hii." Akauliza vipimo, nikamwambia afuate picha. Akauliza nitapika nini, nikasema nyama. Hayo ndiyo maelezo yote nilimpa. Akatafuta pipa la lita 200, akalipasua, akaweka bawaba, wavu, sanduku la moto, na bomba juu kabisa ya pipa. Ukiweka picha kando yake, zinafanana.

Halafu nikachukua oda. Jirani alikuwa na sherehe ya binti yake kufuzu, akanipa kazi ya kidari kilo nane na kuku sita. Upande wa moto nyama iliungua. Upande wa bomba, kuku bado walikuwa na damu kwa mfupa. Kuku lazima afike digrii 74 ndani ndio awe salama, kwa hivyo singeweza kuwapakulia watu nikiomba Mungu tu. Mama mwenye sherehe alituma vijana wakanunue chipsi za wageni. Nilirudisha pesa yote, na kwa ile hasira, usiku huo nikaposti. Banda la fundi lilionekana vizuri kabisa kwa hiyo video.

Wiki mbili baadaye akanipigia. Hakunitukana. Alisema, "Kijana wangu, wateja wawili wameniuliza kama ni mimi yule wa video, na hawajarudi. Leta hiyo kitu tuiangalie." Manze, hiyo "tuiangalie" ilinimaliza.

Tulianza na mkate. Unawasha moto, unaacha smoka ishike joto, halafu unapanga slesi za mkate kwa wavu wote. Unaziacha mpaka zianze kugeuka rangi. Zetu za karibu na moto zilikuwa makaa, za katikati kahawia, za upande wa bomba nyeupe kama zimetoka dukani. Na kipima joto changu cha kifuniko kilikuwa kinasema 120, freshi kabisa. Shida ni kwamba nyama hailali kwa kifuniko. Tuliweka vipima joto viwili pale kwa wavu, kimoja kila upande: 170 huku, 95 kule.

Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Hewa moto hupanda. Ikitoka kwa sanduku inaruka juu, inafuata kifuniko, inatoka kwa bomba ambalo pia liko juu. Nyama ya mbali inapitwa tu, na ya karibu inapigwa na mwako moja kwa moja. Ongeza kwamba pipa ni chuma chembamba, kama milimita moja. Zile smoka nzito za Texas zina chuma cha milimita sita hivi, na nyingi zilichomelewa kutoka kwa mabomba ya kazi za mafuta. Chuma kinene kinashika joto. Chembamba kinapoa upepo ukipita.

Basi hii ndiyo kazi tulifanya. Kwanza, pale joto linaingilia kwa pipa, fundi alichomelea chuma bapa kikiinama kuelekea chini, ndio hewa moto ilazimike kushuka kabla ya kupanda. Pili, chini ya wavu tulipanga vyuma bapa vinne vya milimita tatu. Karibu na moto vimebanana, na kadiri unaenda upande wa bomba nafasi kati yao inaongezeka. Hivi joto linatoka kidogo mahali liko jingi, na linatoka zaidi mahali lilikuwa linakosa. Havijachomelewa, ndio nivisogeze nikipima tena na mkate.

Tatu, bomba. Tuliongeza kipande ndani, likashuka mpaka usawa wa wavu. Sasa hewa ikitaka kutoka lazima ipite pale nyama iko. Nne, tuliziba kifuniko na kamba ile hutumika kwa milango ya majiko, isiyo ya asbesto, kwa sababu joto lilikuwa linavuja kila mahali. Mwisho, tukaweka matofali ya kuvumilia moto ndani ya sanduku, ndio joto lisipande na kushuka kila nikiongeza kuni.

Siku hizi bomba naliacha wazi kabisa, moto nauendesha kwa mlango mdogo wa hewa wa sanduku. Naweka kipande kimoja cha kuni kikavu kila mara, mwembe au mparachichi. Nikiona moshi mzito mweupe najua moto umekosa hewa na nyama itakuwa chungu. Tulipopima tena, tofauti ya upande na upande ilikuwa digrii 12. Kutoka 75. Na smoka ni ile ile.

Onyo moja kabla mtu akimbie kwa grinda: usitumie mabati ya paa au chuma chochote kilichopakwa zinki. Kikichomelewa au kikipata moto mkali kinatoa mvuke wa sumu. Na pipa lililobeba kemikali, wachana nalo, hata kama unapewa bure.

Sasa, najua kuna mtu atasema ningenunua tu ya kutoka ng'ambo. Buda, nyingi za bei nafuu zinazoletwa pia ni za chuma chembamba, bomba liko juu, kipima joto kiko kwa kifuniko. Ugonjwa ni ule ule, bei ndiyo tofauti. Mwingine atasema choma ya makaa inatosha. Kwa mbavu za mbuzi nakubali kabisa, hiyo ni moto mkali na muda mfupi, na hakuna mtu atatufundisha. Lakini kidari kwa makaa hivyo, utatafuna mpaka kesho.

Kitu kinaniuma ni hii tabia yetu ya kumpa fundi picha, kukataa kumpa maelezo, halafu kumwanika. Jiko la makaa mnalolijua, lile lina kiuno na udongo ndani, halikuanguka kutoka mbinguni. Mapema miaka ya 1980 wazo lilichukuliwa kutoka kwa jiko la Thailand, likajaribiwa na kubadilishwa hapa Kenya, na mafundi wa Shauri Moyo, pale pale Kamukunji, ni kati ya waliofanya likazagaa. Toleo la kwanza halikuwa lile liko jikoni kwa shosho yako. Watu walipika nalo, wakarudi, wakasema hapa linapasuka, hapa linayumba, fundi akarekebisha. Fikiria kila mama angeposti jiko limepasuka, achekwe fundi, hadithi iishe hapo.

Mimi sikurudi kwa fundi. Nilienda kwenu kwanza kwa sababu hasira inaleta watazamaji, na mafundisho ya mkate hayaleti. Sisi wa kutengeneza video tunajua hilo, na tunajifanya hatujui. Yule mzee hana ukurasa wa kunijibu. Jina lake liko tu midomoni mwa wateja, na mimi nililichafua bila hata kulitaja.

Sijui wale wateja wawili kama watarudi. Video nimeitoa, lakini nyote mnajua kitu kikishasambazwa hakitolewi. Nimemlipa pesa ya vyuma na ya siku yake yote, alitaka kukataa. Na yule jirani wa sherehe nimempelekea kidari kilo tatu, bila malipo. Alikikata upande huu, akakikata upande ule, akanitazama. "Hii ndiyo ungeleta siku ile."

Ukiwa na kitu ulitengenezewa na kikakataa kufanya kazi, kabla ushike kamera, kibebe ukirudishe. Uliza fundi uliyempa kazi ulimwambia nini hasa. Na kama ulicheka ile video yangu na kuisambaza, nisaidie: sambaza na hii.