JIWE LENYE UFA NA PETE YA ARUSI



Ukurasa wangu wa mwaka huu ni wa vito. Mawe ya mabibi zetu sasa yanafika mikononi mwa wajukuu waliozaliwa huku Uingereza, na kila msimu wa arusi huulizwa kama almasi yenye doa yafaa kutiwa katika pete mpya. Wengine hawaulizi, hulificha doa hata kwa sonara, na hao ndio wanaonitia hofu.

Tuanze kama darasani. Husemwa kuwa almasi haivunjiki. Si kweli. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs almasi imepewa 10, daraja ya mwisho, maana yake hakuna jiwe jingine la asili liwezalo kuikwaruza. Lakini kukwaruzika na kupasuka ni mambo mawili. Almasi ina pande nne ambazo hupasuka kwa wepesi, kama kuni ifuatavyo nyuzi zake. Mwaka 1908, huko Amsterdam, Joseph Asscher aliipasua almasi ya Cullinan, yenye karati 3,106, yaani zaidi ya gramu 600, kwa bapa la chuma na pigo.

Basi doa nalo si la namna moja. Chembe ya madini mengine iliyonaswa katikati ya jiwe aghalabu haina madhara. La kuogopwa ni ufa, hasa ukifika kiunoni mwa jiwe, pale ambapo kucha za pete hukamata.

Mpwa wangu alirithi jiwe kwa bibi yake. Dada yangu akasema, "Sonara asiambiwe kitu, atatudharau." Nikamjibu, "Dada, mficha uchi hazai. Jiwe likivunjika, yeye atasema lilikuja na ufa, wewe utasema lilikuja zima. Shahidi ni nani?"

Tukaenda, tukasema wazi. Sonara akalitazama kwa lenzi ikuzayo mara 10, kisha akatupa tutazame sisi. Katikati palikuwa na nukta nyeusi, na ukingoni ufa mfano wa unyoya. Akachora jiwe katika karatasi, akatia alama penye ufa, na sote tukatia sahihi kabla hajalipokea.

Akatueleza kwamba doa la kawaida huweza kufichwa chini ya ukucha, lakini ufa wa ukingoni usiwekwe hapo, kwa kuwa ukucha unapokunjwa hulikandamiza jiwe na huenda ukalimega. Aligeuza jiwe hata ufa ukakaa katikati ya kucha mbili. Ukaonekana kidogo, na dada yangu hakupendezwa. Lakini jiwe lilitoka zima.

Katika hayo shikeni manne. Kwanza, mwambieni sonara kila mjualo, hasa kama ufa ulijazwa kitu mfano wa kioo, maana moto wake huharibu ujazo huo. Pili, pete ikitaka kupanuliwa kwa moto, mkumbusheni habari ya ufa, na mwulizeni kama jiwe litolewe kwanza. Tatu, msiioshe kwa mashine za mitikisiko. Maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini yatosha. Nne, kila mwaka sonara azitazame kucha, kwani ukucha uliolegea hulipoteza hata jiwe lisilo na doa.

Na ninyi mama na mabibi mnaoyahifadhi mawe hayo kabatini, andikeni karatasi: jiwe lilitoka kwa nani, lina uzito gani, na ufa wake uko wapi. Ikunjeni pamoja nalo. Mjukuu atakayelirithi hatakuwa na mtu wa kumwuliza, na sonara wake ataanza kazi akijua alichoshika.

Nawatakia arusi za heri.