NANI ALIMWAMBIA MUHA KWAMBA YEYE NI MDOGO?

Mtoto anayezaliwa leo Heru Juu hajui kama yeye ni mkubwa au mdogo, hodari au mnyonge. Hayo ataambiwa. Ataambiwa kwanza na mama yake, halafu na baba na bibi, halafu na watoto wa jirani, halafu na mwalimu, na mwishowe ataambiwa na karani aliyeketi nyuma ya meza katika mji wa mbali. Akifika umri wa miaka 15 atakuwa na picha yake mwenyewe kichwani, naye atadhani ameichora kwa mkono wake. Twataka wanachama wetu waitazame picha hiyo na kuuliza ni nani hasa aliyeichora.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, Bwana Kenneth Clark na mkewe Mamie, wote wawili watu weusi wa nchi ile, waliwaonyesha watoto wadogo weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakauliza: Yupi mzuri? Yupi mbaya? Watoto wengi walisema mweupe ndiye mzuri na mweusi ndiye mbaya. Kisha wakaulizwa: Yupi anafanana nawe? Wengine wakaangua kilio. Watoto wale hawakuwa wamefundishwa somo hilo darasani. Walilivuta kama hewa. Mahakama Kuu ya nchi ile ilipoamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba, uchunguzi huo ulitajwa katika hukumu.

Twauleta mfano wa mbali kwa sababu wa karibu tumeuzoea mno hata hatuuoni. Mfano wa karibu ni sisi wenyewe, watu wa Buha.

Heru Juu palikuwa makao ya Mwami wa Heru. Kabla ya Uhuru kiti hicho kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na wazee walimwinamia bila kuuliza kama mwanamke aweza kutawala. Majirani zetu wa Uvinza walichemsha chumvi zaidi ya miaka 1,000, na wafanyabiashara walisafiri kutoka mbali kuifuata. Hao ndio babu zetu. Lakini tusidanganyane: enzi zile nazo zilikuwa na wakubwa na wadogo. Kwa desturi ya ubugabire, aliyepewa ng'ombe na mkubwa alikuwa mtu wake, na mtoto wake alijifunza mapema mahali pa kukaa na wakati wa kunyamaza. Unyonge haukuletwa wote na meli ya Mjerumani.

Hata hivyo mkoloni aliupa unyonge huo namba. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji wakaishika nchi yetu tangu 1916 hata 1921, kisha akaja Mwingereza, naye akaona afadhali Buha isiwe nchi ya mazao ya kuuza bali ghala la vibarua. Vijana wakapanda gari moshi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, iliyoitwa SILABU. Kila mtu alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, alihesabiwa na kulipwa. Ndiyo asili ya neno manamba. Mtu aliyepewa jina na baba yake, na majina mengi ya Kiha ni sentensi nzima yenye maana, alishuka kwenye gari moshi akawa tarakimu.

Aliporudi nyumbani baada ya mkataba alileta blanketi, shati, na neno. Neno lilikuwa hili: kwamba huko pwani Muha ni mtu wa kazi ngumu tu, mshamba, wa kuchekwa anapofungua kinywa. Blanketi liliraruka zamani. Neno lingali linavaliwa. Utani baina ya makabila ni mali yetu, na anayeukataza hajui Afrika. Lakini mtani hukucheka nawe ukamcheka, mkala pamoja. Kicheko cha upande mmoja si utani.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Desemba 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni, alieleza kwamba dhambi kubwa ya mkoloni ilikuwa kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Miaka mingi imepita tangu siku ile. Je, sisi tumefanya nini majumbani?

Tunawajua wazazi wanaomkemea mtoto akisema Kiha mbele ya mgeni. Tunawajua vijana waliofika Dar es Salaam, wakiulizwa kabila hujibu, "Mimi natoka Kigoma," wakaishia hapo, kama kwamba Kigoma ni kabila. Kiswahili ni lugha ya taifa letu na hatukipunguzii hata chembe, maana bila hicho Muha na Mmakonde wasingekaa katika chama kimoja. Lakini mtoto anayeambiwa kwamba lugha ya bibi yake ni aibu ameambiwa pia kwamba bibi yake ni aibu, na hatachukua muda kujumlisha kwamba yeye naye ni aibu. Hatuhubiri ukabila. Mkabila ni yule anayetaka mtoto wake awe juu ya wengine. Sisi twataka tu asiwe chini yao.

Sasa tufike kwenye jambo linalouma zaidi. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mpaka unaotutenga na Burundi haukuchorwa na mzee yeyote wa Heru. Wakimbizi walikuja mwaka 1972, wakaja 1993, wakaja 2015. Kambi ya Nyarugusu hapa Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Basi raia wa mikoa ya mpakani, hasa tangu operesheni ya mwaka 2013 ya kuwaondoa wahamiaji haramu, amezoea kuulizwa maswali ambayo mwenzake wa Dodoma haulizwi: babu yako kazikwa wapi, mbona unatamka hivyo, mbona jina lako liko hivyo. Serikali ina haki ya kulinda mpaka na hatuibishii. Lakini mtoto amesimama pale kando ya baba yake. Anamwona baba, ambaye nyumbani ndiye simba, akibabaika na kutafuta maneno mbele ya kijana wa miaka 25. Ni mwalimu gani atakayeweza kufuta somo la siku ile?

Na wengi wetu hujitetea vibaya. Husema, "Mimi si Mrundi!" kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Kuitwa Mrundi si tusi. Anayejisafisha kwa kumchafua mkimbizi amerithi kicheko kile kile cha kambi za mkonge, akabadili tu wa kuchekwa. Jibu linatosha likiwa fupi: Mimi ni Muha, raia wa Tanzania, na hapa ndipo kwetu.

Twaomba maafisa wanaohoji raia wawahoji kwa heshima, na mzee asihojiwe mbele ya wajukuu zake kama kuna chumba cha pembeni. Twaomba walimu waache kumwadhibu mtoto kwa neno la Kiha lililomponyoka uwanjani. Na makatibu wa matawi ya Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko wana kazi yao. Wazee waliokwenda mkonge wamebaki wachache. Chukueni daftari, nendeni kwao na watoto wa shule, mkawaandike kwa majina kamili waliyopewa na wazazi wao, na maana ya kila jina, na shamba walilofanyia kazi. Anayekumbuka namba yake, nayo iandikwe, lakini iandikwe chini ya jina.