Faili Likigoma, Mwanafunzi Ndiye Analaumiwa

Najua nimepotea humu karibu miezi miwili. Mnisamehe, BTP ilinibana, nilipangwa Ukerewe na jioni nilikuwa nachagua moja: kuandaa masomo ya kesho au kutafuta mtandao. Sasa nimerudi salama, nimeungua jua, dagaa nimekula mpaka basi. Ila leo sina stori za kisiwani. Nina dukuduku.

Wenzangu wa ualimu mnajua utaratibu. Ukimaliza BTP unakusanya kila kitu kwenye faili moja la PDF: azimio la kazi, maandalio ya somo, picha za zana ulizotengeneza, na nakala za kazi za wanafunzi ulizosahihisha. Halafu unalipandisha kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho. Ukurasa wenyewe umeandika kwa herufi nyekundu: faili lisizidi MB 20.

Faili langu lilikuwa MB 11. Nikabofya, mshale ukazunguka, nikasubiri, fomu ikarudi tupu. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna pongezi. Kama vile sijatuma kitu. Nikarudia mara nne, na kila mara bando linakatwa! Nikapiga simu ofisini, jibu likawa lile lile tunalolijua wote: "Mtandao wako mbovu, tafuta sehemu yenye mtandao mzuri."

Nilihangaika nikapata sehemu. Ikawa yale yale.

Mimi nilikuwa na afadhali. Dada mmoja wa darasa letu, simtaji, alikaa na tatizo hilo mpaka saa tano na nusu usiku. Mwisho akakata kurasa za kazi za wanafunzi wake, zile alizozipiga picha kwa simu, faili likapungua, likapita. Kwenye matokeo amekatwa alama kwa sababu "viambatisho havipo". Viambatisho anavyo jamani, viko kwenye simu yake mpaka leo!

Hapo ndipo nikamfuata jamaa yangu anayesoma kompyuta. Hakuniuliza habari za mtandao hata kidogo. Aliniambia nitengeneze mafaili ya ukubwa tofauti, nijaribu moja moja. La MB 3 likapita. MB 5, likapita. MB 7, likapita. MB 9, fomu ikarudi tupu. Akacheka. "Nane hiyo. Mtandao hauna kosa, ni PHP."

Nitawaeleza nilivyoelewa, maana hata mimi ni mtu wa Kiswahili na Historia. Mfumo wetu umeandikwa kwa PHP, na PHP ina mipaka miwili. Wa kwanza unaitwa upload_max_filesize, yaani faili moja liwe na ukubwa gani. Wa pili ni post_max_size, yaani mzigo wote wa fomu kwa pamoja. Ukiiacha PHP kama ilivyokuja, wa kwanza ni MB 2 na wa pili ni MB 8. Aliyetengeneza mfumo alipandisha wa kwanza hadi 20, akaandika 20 kwenye ukurasa, akausahau wa pili. Na mzigo ukizidi huo wa pili, PHP inautupa wote, faili pamoja na jina lako na namba yako ya usajili. Programu inaona fomu tupu, inadhani ndiyo kwanza umefungua ukurasa.

Chukulia unatoa gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba. Hata geti la nje liwe pana kiasi gani, kama mlango wa stoo ni mwembamba gunia halitoki. Mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua. Na milango inaweza kuwa mingi: kama mbele ya PHP kuna nginx, nayo ina mpaka wake, client_max_body_size, ambao usipoguswa ni MB 1 tu. Afadhali yenyewe ukizidisha inakuambia: kosa namba 413, mzigo mkubwa mno.

Tulienda ofisini na karatasi ya majaribio yetu. Fundi alikuwa muungwana, akafungua php.ini mbele yetu akabadilisha post_max_size. Tukajaribu, hola! Kumbe seva moja inaweza kuwa na php.ini zaidi ya moja, na yeye alirekebisha ile ya kazi za kwenye kioo cheusi cha amri, si ile ya tovuti. Ukurasa wa phpinfo ndio uliotuonyesha faili linalosomwa kweli. Akarekebisha, safari hii akaweka MB 24 ili uzidi ule wa faili, akaiwasha upya huduma. Faili langu likapita mara ya kwanza. Kazi ya dakika ishirini, wadau, baada ya wiki mbili za "mtandao wako mbovu".

Sasa hoja yangu. Sisemi mipaka iondolewe. Bila mpaka, watu watapandisha video za harusi na diski itajaa. Tena mpaka mkubwa sana unamwumiza mwenye bando dogo, kwa sababu wanaosahihisha watazoea kudai mafaili mazito. Ninachosema: mpaka uliotangazwa uwe ndio mpaka wa kweli. Na faili likizidi, ukurasa umwambie mtu kabla bando halijaliwa. Kivinjari kinaujua ukubwa wa faili kabla ya kulituma, kwa hiyo hilo linawezekana.

Sisi walimu watarajiwa tunafundishwa kila siku kwamba mwanafunzi akikosea umpe mrejesho, umwonyeshe alipokosea. Mwalimu anayerudisha daftari bila alama wala neno, halafu anamwambia mtoto "wewe mzembe", mkaguzi angemwandika. Kwa nini mfumo wetu uruhusiwe?

Yule dada ameandika barua ya kuomba viambatisho vyake vipokelewe. Nimeambatanisha karatasi yetu ya majaribio kama ushahidi. Kama na wewe fomu ilikurudia tupu na faili lako lilizidi MB 8, njoo tuandike pamoja wiki hii, kabla matokeo hayajapitishwa. Na safari nyingine kazi ikigoma, kabla hujakata kurasa, jaribu faili dogo kwanza. Likipita, huenda tatizo si mtandao wako.

Nawakilisha. Tupo pamoja.