"Yeye" Haina Jinsia, Ndoa Inayo

Wenzangu wanaoandika hadithi za kuchagua, zile ambazo msomaji hubonyeza njia anayoitaka na kisa kikaendelea huko, hujivunia jambo moja: Kiswahili kimewapunguzia kazi. Mwandishi wa Kiingereza lazima aielekeze kompyuta ibadilishe "he" iwe "she" kila mara. Sisi tuna "yeye" tu. Basi, wanasema, msomaji achague mwanzoni kuwa mwanamume au mwanamke, maandishi yabaki yale yale, na mapenzi yatakuwa sawa kwa wote.

Napinga. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoandika hadithi yangu. Msomaji ni mchuuzi wa samaki katika mwalo wa Ggaba. Mpenzi nilimwita Amani: ukichagua kuwa mwanamume, Amani ni binti, ukichagua kuwa mwanamke, Amani ni mvulana. Kurasa zote zilienda bila kubadilishwa neno. Ukurasa wa mwisho, msomaji wa kiume alikuta "ulimuoa Amani". Wa kike alikuta "uliolewa na Amani". Mwenzangu mmoja wa kike aliponirudishia aliuliza: "Tangu mwanzo nimeamua kila kitu mimi. Hapa mwisho nani ameamua?" Sikuwa na jibu.

Msiniambie niandike "mkafunga ndoa" yaishe. Hicho ni kiraka. Nani alimtuma mshenga? Mahari ilitoka kwa nani? Luganda nayo haina "he" wala "she", lakini okuwasa ni kwa mwanamume na okufumbirwa ni kwa mwanamke. Kiwakilishi kisicho na jinsia hakijawahi kumpa msichana yeyote haki ya kuposa.

Wapo waliolikabili jambo hili. Katika Choice of Broadsides, mchezo wa maandishi wa 2010, ukichagua kuwa mwanamke jamii nzima hupinduka: wanawake ndio maofisa wa meli za vita, wanaume ndio wa kukaa nyumbani. Wengine huona ni mzaha. Mimi naona waandishi wake wamekiri kwamba kuchagua jinsia ni kuchagua mamlaka. Kasoro yake ni kwamba viti vimebadilishwa wakaaji tu. Bado kuna upande mmoja wa kuchagua na mwingine wa kungoja.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Sasa msomaji wa kike anaweza kumtuma mshenga. Akifanya hivyo, wajomba wa Amani wanakasirika, na hasira yao inachukua kurasa tatu ambazo msomaji wa kiume hazioni kamwe. Naye Amani, awe binti au mvulana, anaweza kukataa.

Walimu wangu, mnapotusahihishia kazi hizi, msiishie kwenye upatanisho wa sarufi. Tuulizeni chaguo la jinsia limembadilishia nini anayependa na anayependwa. Kama limebadilisha kitenzi cha mwisho tu, tuambieni tulifute, kwa sababu tumemwahidi msomaji uamuzi kisha tukamnyang'anya mlangoni.