Gari Dogo Hujaribiwa na Watu Wake

Juma hili nimelijaribu gari la Honda Fit hapa Mombasa. Tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele. Kwa hivyo kikalio cha nyuma huinuliwa, na gunia la mchele likasimama wima. Usukani ni mwepesi katika vichochoro vya Mji wa Kale.

Lakini hayo ni ya dereva aliye peke yake. Siku ya pili nilimpakia mama mwenye maumivu ya magoti, pamoja na wajukuu, kiyoyozi kikiwaka, tukapanda mlima wa kutokea feri Likoni. Hapo ndipo injini na viti hujulikana.

Ndugu waume, kabla ya kulipa, wakalisheni wake na mama zenu nyuma, kisha wasikilizeni.