Shimo lililo wazi lina mwenyewe

Hapa Goma kuchimba shimo la choo si kazi ya siku mbili. Mawe ya Nyiragongo ni magumu, hasa pale lava ya Januari 2002 ilipopita. Vibarua wanapiga nyundo na baramini wiki nzima, shimo linashuka kidogo tu. Pesa ikikwisha, mwenye parsele anasimamisha kazi. Shimo linabaki wazi, bila kamba wala ubao.

Nani anaanguka humo? Kwanza kibarua mwenyewe, anayevuta ndoo ya mawe akisimama ukingoni. Kisha mama anayeletea wajenzi maji, na mtoto anayepita gizani. Wengi wa vibarua hao ni ndugu zetu waliohama Rutshuru na Masisi. Hawana mkataba. Mmoja akivunjika mguu, jioni hiyo watoto wake wanalala njaa.

Kuna wanaosema: «Kibarua ni mtu mzima, ajichunge.» Sikubali. Anayelipwa kwa siku hawezi kukataa shimo baya, maana mwingine anangoja kazi hiyo mlangoni. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Mfuko wa CNSS nao upo kwa ajali za kazini, lakini kibarua asiyeandikishwa atadai kwa karatasi gani?

Kinga haihitaji pesa nyingi. Mawe yanayotoka shimoni yanatosha kujenga kizuizi kuzunguka, hatua mbili mbali na ukingo, yasije yakamwangukia aliye chini. Ngazi ibaki shimoni watu wakifanya kazi. Jioni itolewe, shimo lifunikwe kwa mbao.

Upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert kuna pia mazuku, hewa nzito inayokaa mabondeni na mashimoni, na macho hayaioni. Mwenzako akianguka na kunyamaza, usimfuate mbio, nawe utabaki humo. Ndiyo maana anayeshuka afungwe kamba kifuani kabla ya kushuka, na mtu abaki juu akiishika.

Mashefu wa avenue na viongozi wa Nyumba Kumi, mkiona shimo wazi, msiulize nani ameanguka. Ulizeni ni la nani. Aliyelipa lichimbwe ndiye alizungushie kizuizi, hata kama kazi imesimama.